Firigisi ya Mwenyekiti

Nasambu, mjane aliyeishi kijijini Endebess, hakujua kumung'unya maneno. Kakake Mukhwana alipochaguliwa mwenyekiti wa ushirika wa maziwa, alimwandika kazi Derrick, mwana wa Nasambu, akamwacha Chepngeno, binti wa jirani, aliyeisomea kazi hiyo.

Jumapili Mukhwana alikuja kushukuriwa. Nasambu alimpenda, akamchinjia jogoo. Kwao firigisi ni ya mwanamume mgeni wa heshima, mwanamke haionji. Mukhwana alipekua bakuli zima, asiione.

"Dada, firigisi yangu iko wapi?"

"Nimempelekea Chepngeno."

"Ati msichana! Na mimi ndugu yako?"

"Imekuuma, eh? Naye ilimuuma hivyo hivyo ulipompa Derrick kazi yake. Haya, kula shingo, na kesho umwite Chepngeno kazini."