Mmoja Aruke, Mmoja Atulie

Nina hasira za karibu. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akamlaumu baba. Tulipomzika mama nilikaa nyumbani Buger siku nne tu, nikafunga begi. Baba alitaka nibaki walau mpaka mahindi yakomae. Nikamwambia kazi haisubiri matanga. "Basi nenda ukaishi na masanduku yako," akasema, na mimi nikaenda kweli, bila hata kuaga vizuri.

Masanduku aliyoyasema ni redio. Kazi yangu ni kuhudumia vituo vya kupima mvua, kuanzia mashamba ya Karatu hadi malishoni huko Ngorongoro. Kila kituo kina nguzo, chombo cha kukinga maji ya mvua, na kisanduku chenye redio inayompasia jirani yake taarifa. Redio hizi hazina masafa yao wenyewe, ni wageni hewani. Zinasikiliza kwanza: chaneli ikiwa na mwenyewe zinahama, ikiwa wazi zinakaa, na mwenyewe akirudi zinaondoka tena. Shida ni pale mbili zinapopotezana. Hakuna wa kuziambia zikutane chaneli ipi, maana ili ziambiane sharti zikutane kwanza. Kila moja inaruka kivyake, inaita, haisikii kitu, inaruka tena. Zote zikiruka kwa mwendo mmoja zinaweza kupishana kutwa nzima, na ukizifungua zote mbili ni nzima, hazina kasoro.

Hilo nilikuwa nalijua vizuri, ndilo linalonilisha. Lilipokuja kwangu mwenyewe, wapi!

Chumba nilichopanga Karatu mjini kilikuwa na kitanda, jiko la gesi na ukimya. Jioni majirani wanaitana kula, mimi nakula nimesimama. Nilimkosa mama, na baba nilimkosa zaidi kwa sababu yeye yupo. Nikaanza kumpigia. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Baba ana kitochi cha laini moja lakini laini anazo mbili: moja inashika mlangoni kwake kwa kukatikakatika, nyingine inashika vizuri lakini juu ya kichuguu tu, mpakani mwa shamba. Mimi nami nina mbili, maana huko juu mtandao mmoja unakufa ukiacha tu barabara kuu, na simu yangu upande mmoja wa laini umeharibika, kwa hiyo kazi ni kuchomoa na kuchomeka. Nikampigia namba hii, haipatikani. Ile, haipatikani. Wiki tatu! Nikasema huyu mzee kanizimia simu makusudi. Haya, na mimi sipigi. Nikanuna wiki nzima peke yangu, bila hata mtu wa kuniona nikinuna.

Jumamosi moja nikashindwa, nikaenda. Mlango umefungwa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamwona juu ya kichuguu, kitochi kimefunguliwa kifuniko, betri iko mapajani, laini moja kaibana kwa midomo. Vidole vyake vinene vya jembe vinahangaika kuchomeka ile nyingine. Nikakohoa.

"Subiri kidogo," akasema bila kuinua kichwa, laini bado iko mdomoni. "Namtafuta binti yangu."

Jamani. Nilikaa palepale kwenye majani, nikalia kuliko nilivyolia msibani. Kumbe nikipiga namba hii, yeye kashaweka ile. Naye akipiga yangu, mimi nimeshaichomoa ili nimtafute kwa nyingine. Aliponiona alinisalimia kwa Kiiraqw, akanipa pole ya safari, na yale ya matanga hakuyagusa.

Tukala ugali, nami nikamweleza tunavyozifanya redio zikipotezana: mmoja aruke, mwingine atulie chaneli moja mpaka apatikane. "Sasa wewe tulia, baba. Laini ya kichuguuni, kila siku saa kumi. Mimi ndiye nitakayezunguka."

"Kwani mimi niende wapi tena?" akasema.

Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Ikaenda vizuri miezi kadhaa. Saa kumi napiga, anaitika, tunaongea habari za ng'ombe na mvua, basi. Masika ilipofika nguzo ya kituo cha Piyaya ikaanguka, mimi na wenzangu wa kazi tukaenda kuisimamisha. Korongo likajaa, gari halipiti, mtandao hakuna. Siku sita. Ya saba, saa tano asubuhi, tulipanda mwinuko na simu yangu ikaanza kulialia, mtandao umerudi. Haikuwa saa yetu. Nilipiga ili tu niisikie ile sauti ya haipatikani, nitulie moyo kwamba yuko shambani na shughuli zake.

Mlio wa kwanza haukuisha.

"Nipo," akasema.

"Baba! Saa hizi uko kichuguuni?"

"Nipo."

"Tangu lini?"

Akakohoa kwanza, kikohozi kizito ambacho hakuwa nacho tulipoagana.

"Tangu siku ile hukupiga. Giza likiingia naenda kulala, kukipambazuka narudi."

"Na mvua yote hii?"

"Nilijifunika gunia, mama. Ningeondoka, ungenikuta wapi?"