Mafundo Kumi na Nane ya Mwami Kitoga

Mama Ernestine ana miaka sabini na moja. Amezaa watoto saba, amezika wanne. Maisha yake yote amelima muhogo na mpunga na kukamua mawese nyuma ya nyumba yake, hapa kwetu Kabambare, kwenye njia ya kwenda Salamabila. Mimi, niliyejifunza kusoma kwa vitabu tulivyopewa na mapadri, nimejaza madaftari manne kuhusu Mwami Kitoga, mwanamke pekee aliyewahi kututawala. Katika yote manne Ernestine ametajwa mara moja tu: mtunza kamba, wa ukoo wa Kitoga.

Kamba hiyo ya nyuzi za rafia ina mafundo kumi na nane. Kitoga aliyafunga kwa mkono wake, siku za misafara ya wafanyabiashara wa watumwa wa Nyangwe. Zamani, kila mwaka kabla ya kupanda mpunga, kijiji kizima kilikaa kimya huku kamba ikipakwa mawese. Maana yake tuliijua: kila fundo ni mwaka mmoja wa amani. Vijiji vya jirani vilichomwa, chetu hakikuguswa. Siku hizi nani anakaa kimya? Vijana wako Salamabila wanachimba dhahabu, na wakirudi huleta redio za kelele. Kwa miaka kumi na moja Ernestine ameipaka kamba peke yake.

Mwezi wa tano tulikutana kuamua kama shule mpya ya wasichana ipewe jina la Kitoga. Mwalimu Clovis, mkuu wa shule, aliniomba nisome matendo ya Kitoga. Nikasoma: alizuia vita, alileta mbegu ya mpunga, hakumpigia magoti mfanyabiashara yeyote. Wakapiga makofi.

"Basi, imeisha," alisema Kassimu mwenye duka. "Tupige kura. Niliacha duka kwa bibi yangu, na ule akiona rafiki zake anagawa sukari kama iko maji."

Watu walicheka. Ernestine akasimama, kamba mkononi.

"Mwalimu, kama munataka kumupima Kitoga, mumupime na kamba yake."

"Kamba tunaijua, mama," Clovis alisema kwa upole. "Miaka kumi na nane."

"Hapana miaka. Ni watu."

Nilidhani uzee umemshika. Akashika fundo la kwanza. "Huyu ni Lubunga, mutoto wa mufua chuma." La pili. "Huyu ni Nyange, alikuwa na mimba." Aliendelea bila kukosea, na kabla ya fundo la nne hakuna aliyecheka tena. Kila mwaka Kitoga alitoa mtu mmoja kwa msafara, ili wengine waachwe. Fundo la mwisho lilikuwa binti yake wa kumzaa.

"Unamuchafua bibi yako!" nilipiga kelele.

"Hakuwa bibi yangu, muzee. Mimi niko wa fundo la saba. Sibu alipelekwa, mutoto wake akabaki. Kitoga alimupa ule mutoto hii kamba, akamuambia: siku watakaponisifu, uwataje."

"Na miaka hii yote ulinyamaza?" nilimuuliza.

"Mulikuwa munakuja kukaa kimya. Kimya kile kiliwatosha wale kumi na nane, hata kama hamukujua ni cha nani. Leo mumepiga makofi."

Nilitazama karatasi yangu, sikuona herufi hata moja. Kassimu, ambaye babu zake walitoka Nyangwe, alivua kofia yake.

"Mama, na wale waliowachukua? Majina yao iko?"

"Mu kamba haiko, mwanangu. Kitoga alifunga ya kwake tu."

Clovis akauliza, "Basi jina lake tulifute?"

"Sikusema mufute. Ninyi wote hapa ni wa wale waliobaki. Muandike jina yake, na chini yake wale kumi na nane. Mukikataa, naenda na kamba yangu, na shule muite mutakavyo."

Mikono ilipanda polepole, mmoja mmoja. Wangu ulikuwa wa mwisho.

Wiki iliyofuata nilikaa karibu na pipa la mawese la Ernestine, akinitajia majina, mimi nikiandika. Mchoraji aliyeitwa kuandika ukutani mwa shule alipoiona orodha alilalamika kwamba ukuta hautoshi.

"Utatosha," Clovis alimwambia. "La Kitoga uandike kwa herufi ndogo."