Kila Mtu na Wimbo Wake Darajani

Mwaka 1956 Werema alikuwa na kazi mbili: kutunza daraja la waya lililoning'inia juu ya Mto Mara, na kuwazuia watu wasicheze ngoma juu yake. Ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu.

Mambo ya waya alijifunza mgodini, alikotunza nyaya za kushushia watu shimoni. Huko alifundishwa kwamba chuma kina maadui wawili. Kutu huonekana, na girisi huizuia. Uchovu hauonekani: waya unaopindwa na kunyooka miaka nenda miaka rudi hukatika siku moja bila kuaga. Kwa hiyo kila wiki alishika kitambaa cha pamba na kukipitisha juu ya kila waya. Kikinasa, hapo pana nyuzi zilizokatika.

Asubuhi ya harusi ya binti yake Mokami, kitambaa kilinasa katikati ya daraja, kwenye waya mmojawapo ulioshikilia mbao za kupitia.

Aliufungua, akafunga waya wa akiba na kuubana kwa klipu. Lakini klipu mpya haziaminiki mpaka waya ubebe uzito, kisha zikazwe tena. Na tayari njuga zilikuwa zinasikika. Wasindikizaji walikuwa wanateremka na Mokami, wamevaa viatu vizito vya mti, wakiruka kwa mshindo mmoja. Wakwe walisimama ng'ambo wakisubiri. Mto ulikuwa umefurika. Njia nyingine haikuwepo.

"Vueni viatu," akasema Werema. "Mpite wachache wachache, kimya."

Dada yake Wegesa, kiongozi wa nyimbo, alimkazia macho. "Kimya? Kaka, tunasindikiza bibi harusi au maiti? Wale wakimwona anakuja kimya watasema tumewaletea mkosi."

"Mkiimba mtakanyaga pamoja. Mkikanyaga pamoja daraja litayumba, na zile klipu zitateleza."

"Basi tutaimba bila kukanyaga."

"Wewe, Wegesa? Hata kanisani benchi lako halitulii."

Watu wakacheka, na Mokami pia, shanga zikimtikisika kifuani. Lakini hakuna aliyesogea. Binti akageuka kuwatazama wakwe, kicheko kikamwishia. Akirudi nyumbani siku ya kuolewa, nani angekuja kumchukua tena?

Werema naye alimtazama, kisha akazitazama klipu.

"Haya, imbeni," akasema. "Ila kila mtu na wimbo wake."

Wakapita hivyo, viatu vichwani. Wegesa alishika wimbo wa kuvuna ulezi. Mzee Mniko, babu yake Mokami, aliimba wa kuswaga ng'ombe, akausahau, akauanza upya. Philomena, mke wa katekista, aliimba Kilatini. Hakuna mguu uliokubaliana na mwenzake. Werema alisimama katikati, kiganja juu ya waya mpya. Ulitetemeka kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, basi.

Mokami alipomfikia alisimama. "Baba, mimi niimbe upi?"

"Wowote. Ila usimfuate shangazi yako."

Akaondoka akiimba wimbo aliobembelezea wadogo zake, mpaka vigelegele vya ng'ambo vikammeza. Huko viatu vikavaliwa, na ardhi ikapokea yote ambayo daraja lilinyimwa.

Werema akatoa spana. Nati za klipu zilikubali kuzunguka kidogo, kisha zikagoma. Akapaka girisi. Alipokuwa akifuta mikono, aliona mguu wake wa kulia unapiga mbao, sawasawa na ngoma ya ng'ambo.

Akautuliza.