Mtoto Aliyelazwa Nje ya Ua

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipitisha Shauri Moyo, eti nione mtaa ulivyobadilika. Laini yetu ya nyumba haipo. Pale mferejini, tulipopanga madebe tukingoja zamu, pana ghorofa na duka la simu. "Shosh, ni hapa kweli?" akaniuliza. Nikamtajia majirani nyumba kwa nyumba, maana shule sikwenda mbali lakini majina hayanipotei. Nilipofika nyumba yetu nikamruka mmoja, mwenzangu. Aliyenifuata mimi kuzaliwa mle hakuwahi kupata jina.

Asili yetu ni magharibi. Kwetu jina la mtoto lilitoka kwa kukhu, ndiye mama yake baba, baada ya kuota ni marehemu yupi wa ukoo anayetaka kuitwa. Kukhu akatuma neno kwamba atakuja akishapalilia mahindi. Baba akasema tusubiri, na bila jina kanisani hakuna ubatizo. Nyumbani tukamwita Mtoto. Watoto wa laini wakamwita Ngoja. "Ngoja ameamka?" waliuliza dirishani, naye akisikia sauti zao anacheka hadi mate yanamtoka. Nilimbeba mgongoni nikiosha vyombo. Alinukia maziwa na moshi wa makaa. Asubuhi nilimpeleka kwa Bi Rukia, jirani yetu Mswahili aliyekaanga mahamri mlangoni kwake, harufu ya iliki imejaa laini nzima, naye akimwimbia huku akigeuza mahamri.

Mvua zikazidi, kukhu akachelewa. Kifua kikambana Mtoto. Ilikuwa alasiri, Baba yuko kazini. Bi Rukia akamwambia Mama akimbie kwa mwalimu wa kanisa, ampe jina lolote, abatizwe ikiwa ndivyo dini yake inavyotaka. Mama akaliogopa hilo jina lolote. Alilelewa akijua kwamba jina lisilo la mtoto humuua. Akamsubiri Baba. Baba alipoingia, Mtoto alikuwa ameshakwenda.

Mwalimu wa kanisa alikuwa mtu mpole, sitamsingizia. Alikuja bila kanzu, bila kitabu, akasema mtoto hawezi kuzikwa ndani ya ua wa makaburi pamoja na waliobatizwa, na kengele haitalia.

"Neema ina mlango, mama Nekesa," akasema, akimwita Mama kwa jina langu. "Mlango wenyewe ni ubatizo."

Mama alikuwa amemweka Mtoto begani kama anayemcheulisha. "Hata kukaa alikuwa hajajua, mwalimu. Huo mlango angeufikia kwa miguu gani?"

Mwalimu akatazama chini. Neno lake hakulibadili.

Tukamlaza nje ya ua, kwenye majani. Wimbo haukuimbwa. Bi Rukia alisimama pembeni na buibui lake, midomo ikicheza. Alikuwa amemwambia Mama kwamba kwao mtoto mchanga hana dhambi, huenda peponi moja kwa moja. Tulipoanza kurudi, Mama akamshika mkono.

"Nifanyie jambo, Bi Rukia. Muombee wangu apite huko kwenu."

"Hakuna kwetu wala kwenu, mama," Bi Rukia akamjibu huku analia. "Ni kwake."

Kukhu alifika mahindi yakiwa yameshatoa ndevu, na jina alikuwa nalo. Akatutazama mmoja mmoja, hakulitaja. Akarudi nalo nyumbani.

Mama aliendelea na kanisa lake mpaka uzee. Aliketi benchi la nyuma, na kila mhubiri alipotaja neema alijifunika leso usoni. Siku zake za mwisho aliniuliza, kama mgeni anayeuliza njia, iwapo atamkuta Mtoto huko. Nilimrekebishia mto tu.

Juzi hapa Komarock, baada ya ibada, nikajikaza nikamuuliza pasta wetu, kijana mdogo, swali hilo la Mama. Alikuwa ameshika sahani ya pilau. "Neema ni ya wote, shosho. Huyo ni wa Mungu tangu mwanzo," akasema, akanisogezea kiti, akaendelea kula. Alisema kwa wema, tena kwa wepesi. Ule ua uling'olewa, makaburi yakajengewa, mwalimu wa kanisa na Bi Rukia wote ni udongo. Nikakaa pale mpaka viti vikaanza kukusanywa. Jibu alilolisubiri Mama maisha yake yote nimepewa mimi, na sina wa kumpelekea.