Niliinyamazisha Kengele, Mafuta Yakaungua

Nimekosa, sijifichi. Hasira yangu ilikuwa ya haki. Nilichokifanya nayo ndicho kinachonila.

Shule niliiacha mapema, nikatangatanga kandokando ya ziwa mpaka Rumonge. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, nikaipenda Scheme, lugha ya kuandikia programu. Patron mmoja, tajiri mwenye mtambo wa kukamua mawese kule Kigwena, akanipa kazi: programu ya kusoma joto la pipa la kuchemshia mafuta na kuzima feni inayopuliza moto yakizidi kuchemka.

Waya wa kipimajoto ulikuwa umelegea. Ukiachia, badala ya namba inakuja "hakuna". Kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, iling'amua yenyewe kwamba hapo si lazima ije namba, ikaweka ukaguzi: kama si namba, zima feni, piga kengele.

Kengele ikamchosha patron. Nikaomba waya mpya. Akanicheka mbele ya akina mama wanaoleta mawese yao pale!

"Wee muhuni, hata darasa la sizième hukumaliza! Programu yako iko inalia kama mutoto. Inyamazishe!"

Inyamaze? Haya! Nikaidanganya kompaila kwamba pale daima ni namba, nikaiamuru iiendeshe programu kasi bila ukaguzi wowote. Kimya! Nilijua waya ukiachia, "hakuna" itasomwa kama joto dogo, na feni itazidi kupuliza.

Pale watu hupokezana zamu za pipa, kila mmoja akichemsha mafuta yake. Jumamosi ni ya patron. Ijumaa nikaulegeza waya zaidi. Tuone kama utacheka!

Jumamosi mafuta yaliungua. Moshi mweusi! Nilikuja mbio nikitabasamu. Lo! Kando ya pipa alisimama Mama Zaina, aliyenilaza kwake bure tangu nifike. Patron alikuwa ameenda msibani Gitaza, akamwachia zamu. Mawese yote ya mama huyo ya msimu ule yalikuwa mle.

"Mwanangu, mbona leo haikulia?"

Nikamwambia ukweli. Hakunitukana. Alikwenda nyumbani, akautoa mkeka wangu nje, akafunga mlango.

Patron yuko mzima, anacheka vilevile, na mimi namchukia vilevile! Laiti lingekuwa pipa lake!

Lakini wewe unayepanga kisasi kwa mashine, nisikilize. Mashine haimjui adui yako. Itamuunguzia yeyote aliyeshika zamu.