Thawabu za Mutasim

Hakuna aliyepita mbele ya nyumba ya Haja Sittana akaondoka na kiu. Mitungi yake mikubwa ya udongo ilisimama ukutani chini ya banda la mabua, kila mmoja na kifuniko chake cha mbao. Kopo la bati lilikuwa moja tu, limefungwa kwa mnyororo, maana watu wa mji wetu wa Dueim ni wacha Mungu sana lakini makopo wanayaiba. Mpita njia alichota, akanywa, akainua mikono: "Mungu amrehemu Mutasim." Haja, aliyekuwa ndani akikata bamia, alijibu "Amina" bila kuinua kichwa.

Mutasim alikuwa mwanawe wa pekee. Vita vilipoanza alikimbia kutoka Khartoum kwenye lori lililojaa watu, likakwama mchangani, maji yakaisha kabla ya msaada kufika. Alikufa kwa kiu, wakamzika huko huko. Mama yake, aliyeuza mikate myembamba ya kisra sokoni maisha yake yote na kugombana na karibu kila mteja, hakulia mbele za watu. Alikwenda kununua mitungi. Tangu hapo hakuwa na shughuli nyingine ya maana duniani, kwani aliamini, kama tunavyoamini sote hapa, kwamba kila funda linaloshuka kooni mwa mtu linaandikiwa marehemu. Mtoto aliyekufa na koo kavu angenyweshwa huko aliko.

Kisha mashine za maji za mji zikafa, tukarudi kunywa maji ya mto, na kipindupindu kikaingia. Haja aliletewa maji na jirani yake Jadalla, mwenye mkokoteni wa punda, aliyekataa ujira. "Mimi pia nataka fungu langu huko mbele, Haja," alisema. "Au unataka pepo yote ujaze wewe na mwanao?"

"Kwa madhambi yako, ungeanza na kuleta bahari," Haja alimjibu.

Aliyeleta dawa ya maji alikuwa Ikhlas, binti mwembamba wa kituo cha afya, aliyezunguka nyumba kwa nyumba na sauti imemkauka. Alimwonyesha Haja kijiko. "Kimoja kwa pipa zima, mama. Usizidishe, ikizidi inadhuru."

Kijiko kimoja! Haja alikuwa mtu wa kutia chumvi kwa kiganja, na ugonjwa ulikuwa umekwisha kuua mtaa wa pili. Alitia konzi. Asubuhi yake mshona viatu alichota, akanywa, akatema hadi ukutani.

"Haja! Umefulia nguo humu?"

"Kunywa, ni dawa!"

"Dawa ya nini, ya kung'oa kutu? Koo langu linawaka!"

Mzee mmoja aliyekunywa kwa adabu alishinda akitapika, na hapo habari ikaenea. Haja alimwaga, akapima upya kwa kijiko, lakini watu walikwisha tishika. Wakinusa hata kidogo tu, waliweka kopo na kwenda zao. Siku nzima ilipita Haja hajasikia jina la mwanawe. Alikaa kibarazani akiwatazama wanavyopita, na moyo ulimuuma kana kwamba Mutasim amefariki upya.

Ndipo akabuni njia yake. Alitia dawa kwenye pipa, kijiko kimoja kama alivyoagizwa, kisha akaliacha pipa wazi juani mpaka harufu yote imekwenda. Dawa imeshaua vijidudu, alijiambia, inangoja nini tena? Akasugua matumbo ya mitungi kwa kokwa chungu ili tope lizame, akaifukiza kwa ubani, akamimina. Maji yalitoka baridi, matamu, yenye harufu ya nyumba ya arusi. Watu walirudi mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Watoto waliotoka chooni, watu waliotoka kuhudumia wagonjwa, wote walitumbukiza kopo lile lile na vidole vyao. "Mungu amrehemu Mutasim." Haja alifurahi, na nani angemlaumu? Sote tulikunywa.

Nasra, mke wa Jadalla, alianza kuharisha siku ya soko. Hakufika siku ya pili yake.

Baada ya mazishi Ikhlas alipita tena na kichupa cha kupimia. Alichota maji ya mtungini, akadondoshea matone. "Yakiwa na dawa yanageuka waridi," alisema. Waliyatazama pamoja. Yalibaki vile vile.

"Mama, unatia dawa kweli?"

"Natia! Wallahi natia, pima pipani uone!" Kisha akaeleza habari ya jua, na fahari yake ikawa inapungua kadiri anavyosema, maana aliuona uso wa binti.

"Ile harufu ndiyo mlinzi, mama," Ikhlas alisema taratibu. "Inaua vijidudu vya pipani, halafu inabaki kuua vinavyoingia. Ukiifukuza, mkono mmoja mchafu ukiingia mtungini, hakuna wa kuuzuia."

Haja alikaa chini. "Nasra alikuwa anakunywa hapa."

"Najua."

"Ni mimi?"

"Sijui, mama. Labda mtoni, labda kwa wagonjwa. Nikisema ndiyo ni uongo, nikisema siyo ni uongo pia." Alimwachia kata yenye mpini mrefu ya kuchotea, akamwambia kila mtu aje na kikombe chake, akaenda nyumba ya pili.

Haja alikuwa bado amekaa pale pale Jadalla alipofika na punda wake. Macho ya Jadalla yalikuwa mekundu. Alichukua kopo kwa mazoea, akalishika bila kuchota.

"Haja, nimekuja kukushukuru. Nasra pale hospitali walimpa maji yao akayakataa, yana dawa. Alitaka ya kwako tu. Nikamletea kwenye chupa. Alikunywa mpaka mwisho, na kila akinywa anamwombea mwanao." Akainua mikono. "Mungu amrehemu Muta—"

"Ngoja," Haja alisema. "Usiombe. Nisikilize kwanza."

Alimweleza yote, hakujipunguzia hata neno: konzi, jua, ubani, watu waliorudi. Jadalla alisikiliza mikono ikiwa hewani, kisha ikashuka.

"Ulijua kama ni hatari?"

"Sikujua. Lakini aliniambia nitie dawa, na mimi nikaiondoa. Nilitaka wamwombee Mutasim. Basi."

Jadalla aliweka kopo juu ya kifuniko polepole. Haja alitamani amtukane.

"Mtoto hana kosa," alisema mwishowe. "Yeye namwombea. Wewe, usiniombe chochote leo."

Akageukia upande wa kibla, akainua mikono tena, akamwombea Mutasim kwa sauti, kisha akamwombea Nasra, dua ndefu. Haja alifungua mdomo aseme "Amina," sauti ikakataa.