Suruali Iliyopasuka Kilimani

Haya hamtayaamini, wala sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo huwa najishangaa. Lakini shemeji yangu, mke wa kaka, yuko hapa anapiga pasi huku nikiandika na kusoma kwa sauti, na shahidi ni yeye.

Shemeji ni fundi cherehani. Akikutupia jicho tu, kiuno chako amekwisha kukipima. Siku hiyo kuna bwana harusi alikuwa amemshonea suti nyeusi. Kijana wa kujipenda, alitaka suruali imbane. Shemeji akamwonya, "Mwanangu, ukiivaa hii usichuchumae." Akaitikia kama tunavyomwitikia daktari.

Mchana simu ikalia. Maharusi wako bustani ya jiji, kule kileleni, wanapiga picha. Bwana harusi amechuchumaa kuliweka sawa gauni la mkewe, suruali ikasema praa! Sasa amekalia benchi, hasimami, na jamaa za mke wanauliza fundi ni nani.

"Leo jina langu linazikwa," shemeji akasema. Akachukua sindano na uzi, huyoo.

Getini magari hayapiti. Nikamwambia, "Nifuate. Humu mimi ndiye mwenyeji." Njia yangu ya mkato ikatupitisha kwenye bwawa la bata, bembea za watoto, maua ya waridi, kisha bwawa la bata.

"Shemeji, bata hawa si wale wale?" akaniuliza.

"Bata wote wanafanana."

"Na yule mzee anayekoroma na gazeti usoni, naye anafanana?"

Akaniacha hapo, akashika ngazi. Nikamfuata nikihema kama mvukuto.

Juu kule mji mzima uko miguuni pako, upepo unapuliza, na bwana harusi kaganda benchini kama amegundishwa. Bibi harusi akatandaza gauni, likawa pazia. Shemeji akapiga magoti, akatoa uzi. Mweupe! Haraka ile alikuwa amebeba uzi wa gauni.

Mama mkwe akaguna. Shemeji akainamisha macho, akaviona viatu nilivyovaa: vyeusi, vimepakwa rangi asubuhi ile.

"Shemeji, lete mguu."

Akauvuta uzi juu ya kiatu, huku na huku, ukatoka mweusi tii.

"Tulia, baba. Sindano haina mkubwa."

Akashona. Bwana harusi akasimama, akageuka. Mama mkwe akasahau adabu za ukwe, akainama kukagua, asione kitu.

"Fundi," akasema, "gauni langu lijalo utanishonea wewe."

Basi jina la shemeji likapona. Na ukweli usemwe, kilicholiponya jina hilo ni kiatu changu, kiatu nilichokichagua dukani mwenyewe, kinang'aa hata wale bata walipanda kilima kizima kuja kujitazama, na mpiga picha akawaacha maharusi, akapiga goti mbele ya mguu wangu, aka—

"Kiatu cha nani, shemeji?" Hata pasi hajaiweka chini. "Mume wangu siku ile alikwenda kazini na ndara."